Binti Aliyeozwa kwa Mfalme

Nyantakara, Biharamulo
6 Juni 1999

Kwa Mheshimiwa Mbunge Mstaafu, Profesa, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu, Ndugu Celestini Ndabazi,

Salaam nyingi. Nimepanga vyeo vyako vyote kwenye mstari mmoja. Kama kuna kilichobaki nje, kiingize mwenyewe, nafasi nimeacha.

Mwanao Frednand ameniambia sasa wewe ni Makamu Mkuu. Nikamuuliza, na mkuu mwenyewe yuko wapi? Akasema mkuu huja mara moja kwa mwaka, anavaa joho, anawatunuku vijana, anaondoka. Kazi zote unafanya wewe. Nikamwambia hilo baba yako amelizoea, maana hata tulipokuwa shule ya misheni Celestini ndiye aliyefagia kanisa na Bruda ndiye aliyesifiwa.

Sisi huku wazima. Mke wangu Verediana analalamikia magoti, lakini mdomo hauna ugonjwa. Maharage yamekubali. Daraja ulilotupatia ulipokuwa Mbunge bado limesimama imara, isipokuwa mto ndio umehama. Tunapita juu yake hivyo hivyo, kwa heshima yako.

Sasa jambo lenyewe. Frednand akitoka kwenye kazi yake ya mabomba ya maji huko kambi ya wakimbizi Ngara, kila Jumapili yuko kwangu. Nilidhani anapenda hadithi zangu. Verediana akanifungua macho: mzee, tangu lini kijana akacheka hadithi yako huku anatazama jikoni? Jikoni yuko Irakoze. Ni mkimbizi, mtu wa Muyinga, alivuka mpaka akiwa msichana mdogo. Misimu mitatu iliyopita alikuja na kibali kutusaidia kuvuna, Verediana akamng'ang'ania, na mpaka leo kila kibali kikiisha anakwenda kuchukua kingine anarudi. Ananiita Baba, nami sijamsahihisha.

Wanataka kuoana. Frednand anasema wewe umekubali, ila umeshauri wafunge ndoa Mwanza ofisini, asubuhi moja, kwa kuwa binti hana ndugu wa kupelekewa mahari. Alipolisema hilo Irakoze alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini, akasema, "Kitu kisichoombwa kwa mwenyewe kimeokotwa. Mimi sikuokotwa." Akaendelea kupepeta. Frednand hakumaliza chai yake.

Kwa hiyo nimejiteua. Ndugu zake ni sisi, na mlango wa kubisha ni wa kwangu. Msemaji wa upande wa binti ni mimi. Msemaji wa upande wenu uwe wewe mwenyewe, Jumamosi tarehe 3 Julai. Mikungu ya ndizi za pombe yetu ya rubisi nimeshaichagua. Umesema Bungeni miaka kumi, sasa njoo useme mahali pagumu.

Mwenzako,
Privatus Nyandwi
Darasa la Nne (nililimaliza)


Ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo
Mwanza
Kumb. Na. MM/BIN/37
15 Juni 1999

Ndugu P. Nyandwi,

YAH: POSA YA BI. IRAKOZE

Rejea barua yako ya tarehe 6 Juni. Nimeipokea kwa furaha na ninakushukuru wewe na Mama Verediana kwa kumlea binti huyo.

Nakubaliana nawe kwamba taratibu zifuatwe. Hata hivyo, tarehe uliyopanga imegongana na kikao cha Baraza la Chuo ambacho siwezi kukosa. Nitawakilishwa na Bwana Shemboko, mwanasheria wa Chuo na rafiki yangu, mwenyeji wa Korogwe, ambaye ametoa likizo yake kwa jambo hili. Ni mtu makini na hajawahi kushindwa kesi. Nimemwelekeza awe mfupi na mwenye adabu. Atafuatana na wazee wa ukoo wetu wa Nyamigogo. Ataleta ng'ombe mmoja wa kufungulia mlango, pamoja na kreti za soda.

Nawatakia shughuli njema.

Prof. C. Ndabazi
MAKAMU MKUU WA CHUO


Nyantakara
Kumb. Na. 1
22 Juni 1999

Makamu,

Barua yako ilikuwa na namba, nami nimeipa yangu namba. Ni ya kwanza, kwa hiyo usiipoteze.

Nimesikia habari ya Baraza. Shangazi yako alipozikwa kulikuwa na Baraza. Parokia ilipofanya jubilei kulikuwa na mahafali. Tangu kura za mwaka tisini, Nyantakara ikikualika tu, mahali fulani kikao kinazaliwa. Sisemi kitu. Verediana ndiye anayesema, na mimi namwambia anyamaze, na yeye haachi.

Mwanasheria aje, tutampokea. Ila mweleze jambo moja, usisahau: kwetu neno la kwanza si neno la mwisho. Akaze moyo.

Nyandwi


Nyantakara
6 Julai 1999

Celestini,

Leo sina vyeo. Kaa chini kwanza.

Jumamosi watu wako walifika saa nne. Wazee wa Nyamigogo wamevaa makoti ya misa. Frednand katikati yao ameinamisha kichwa, maana mwoaji siku hiyo hana mdomo. Mbele yao Bwana Shemboko, suti ya kijivu, tai, na mkoba. Kwenye pikapu ng'ombe jike mwekundu, mzuri kuliko wote waliomsindikiza. Irakoze na wasichana wenzake walikuwa nyuma ya pazia. Tukakaa, mtungi ukawekwa katikati, mirija ikagawiwa.

Bwana Shemboko akasimama, akasema wamekuja kumwomba Irakoze awe mke wa Frednand. Hivyo hivyo, kama mtu anayeuliza bei ya sabuni. Watu wakatazamana. Sisi msemaji huanza na ndama aliyepotea, au na kiu, anauzunguka mlima mzima ndipo afike mlangoni. Nikasema moyoni, huyu ni hatari, huyu ana mbinu mpya.

Nikasimama nami. Nikavaa uso wa msiba. Nikamwambia, wageni wetu, mmechelewa. Binti tulikuwa naye, lakini mfalme alipita huku msimu uliopita, akamwona kisimani, akaleta ng'ombe wa kujaza bonde lote, tukamwoza. Sasa yuko ikulu, anakula nyama mpaka ameichoka.

Wewe unajua kinachofuata. Kila mtoto wa huku anajua. Unasema mfalme ni mjomba wako, au aliyeolewa ni pacha wake, unasema lolote. Tunakunyima, unaomba, tunacheka, tunakunywa, jioni binti anatoka.

Bwana Shemboko alivua miwani. Akasema anasikitika sana, hawakuwa na taarifa hiyo, na anaomba radhi kwa usumbufu. Akanipa mkono. Akawapa mkono wazee wote. Akampa mkono Verediana, akampongeza kwa kupata mkwe mwenye cheo. Akatoka nje.

Celestini, watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa kwenu akaninong'oneza kwamba tangu azaliwe hajaona msemaji mkali kiasi hiki, anayethubutu mpaka kuondoka. Tukasikia anamwambia dereva amfunge ng'ombe vizuri. Tukashangilia. Gari likawaka. Verediana akasema, jamani, huyu kasoma. Gari likapanda kilima, tukangoja ligeuke kwenye kona ya shule. Likapita kona. Tukasema atageukia madukani, amekwenda kununua kitu cha kutunyamazisha. Tukanywa kidogo huku tunangoja. Tukanywa tena. Vumbi likatua. Frednand akainua kichwa, jambo lisiloruhusiwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hivi yule si amekwenda kweli?"

Alikimbia mpaka barabara kuu. Alirudi na kiatu kimoja.

Sasa hapa nisikilize bila kucheka. Irakoze alitoka nyuma ya pazia akavua shanga alizovalishwa, akaosha vikombe vya watu wote. Kesho yake akafunga mzigo wake akarudi kambini. Hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Verediana. Amesema ameshakataliwa mahali pa kutosha. Huko kambini wanaandikisha wanaotaka kupelekwa kambi za mbali za Kibondo, na malori yanaondoka tarehe mosi Septemba. Ameandika jina.

Sheria yetu unaijua. Mgeni akiondoka na ng'ombe wake, amekataa binti, na hatumwi mtu wa pili. Anakuja baba mwenyewe.

Njoo.

Nyandwi


Ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo
Mwanza
Kumb. Na. MM/BIN/41
8 Julai 1999

Ndugu P. Nyandwi,

Sikutegemea haya kutoka kwako.

Bwana Shemboko amenipa taarifa kwa maneno machache, na hayo yametosha: binti ameshaozwa kwa mtu mwenye cheo kikubwa. Kama ulikuwa na mipango mingine, kwa nini uliacha wazee wangu wasafiri kutoka Nyamigogo? Kwa nini mwanangu ameinamishwa kichwa mbele za watu? Tumetaniana tangu utotoni, lakini kuna mahali utani unasimama.

Sitauliza zaidi. Ningependa tu kumjua huyo mkwe wako. Kama ni Mkuu wa Mkoa, mimi namfahamu, na mke anaye.

Prof. C. Ndabazi
MAKAMU MKUU WA CHUO

N.B. Barua yako Na. 1 imefika leo asubuhi. Ng'ombe yuko kwenye bustani ya Chuo na amekula maua ya mahafali.


Mwanza
19 Julai 1999

Nyandwi,

Naandika kwa mkono. Nilimpa katibu muhtasi barua yako ya tarehe 6 aiweke kwenye jalada, akaisoma, sasa ofisi nzima haifanyi kazi. Mama Frednand nilimsomea mezani, akatoka nje, nikamsikia anacheka ameegemea ukuta. Nimemweleza na Bwana Shemboko. Akaniuliza, kwa hiyo mfalme hayupo?

Nisamehe kwa barua ya tarehe 8. Kinachoniuma si kwamba yeye alidanganyika. Yeye ni mtu wa Korogwe. Mimi, mtoto wa Nyamigogo, niliambiwa kwamba Nyandwi amesema binti kaolewa, nami nikaamini. Nimekaa mbali mpaka nimeanza kuwasikia kama mgeni.

Sasa nikuambie, na usimsomee mtu. Julai 3 hapakuwa na Baraza. Unakumbuka mkutano wangu wa mwisho wa kampeni mwaka tisini, pale sokoni kwenu? Alama yangu ilikuwa Nyumba, ya mwenzangu Jembe. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwa wiki mbili. Nilisema sera, nikasema mikakati, nikasema tathmini. Nilipotua kuvuta pumzi, mkeo alisimama akasema, "Mheshimiwa tumekushukuru, sasa tunaomba mkalimani." Walicheka soko zima, Nyandwi. Mpaka mwenzangu wa Jembe aliniangalia kwa huruma. Nikapanda gari kabla mkutano haujafungwa. Siku kura zinahesabiwa nilikuwa nimeshafika Mwanza. Sijakanyaga huko tena.

Watu hudhani niliacha siasa nikapenda elimu. Elimu naipenda kweli. Nimefungua kitivo, nimejenga bweni la wasichana, nimetuliza migomo miwili. Lakini Bungeni nilikuwa na Spika wa kunilinda, na hapa chuoni nina mlinzi mlangoni. Kwenye mkeka wako sina mtu.

Je, hakuna njia ya kumtuma kaka yangu?

Celestini


Kambini, Ngara
28 Julai 1999

Baba Celestini,

Shikamoo.

Mimi ni Irakoze. Frednand hajui kwamba nakuandikia. Anakuja kila jioni kutengeneza bomba la karibu na hema letu, na lile bomba halijaharibika.

Mzee Nyandwi alikuja hapa kwa baiskeli akanisomea nusu ya barua yako. Nusu nyingine alikataa, akasema ameapa. Mama Verediana alikuja siku ya pili akanisomea hiyo nusu. Unisamehe kwa kuijua. Yeye aliisoma taratibu, na alipofika mahali anapotajwa yeye aliparudia mara mbili.

Nilikuwa mdogo siku baba yangu alipomwoza dada yangu. Msemaji wa wageni alinyimwa tangu asubuhi mpaka jua likainama. Alitoka jasho, nikamwonea huruma, nikamwambia Baba ampe basi. Baba akaniambia, usimhurumie, tunampima. Anayenyimwa na haondoki, huyo ndiye anayepewa mtoto.

Mimi watu wangu wameondoka wengi, na wengi wao hawakupenda kuondoka. Kwa hiyo sihitaji ng'ombe wa pili wala maneno ya Bungeni. Wakicheka, wacheke. Nahitaji mtu mmoja anyimwe kwa ajili yangu na akae.

Malori ni tarehe mosi Septemba. Sikuandiki kukulazimisha. Nimeandika ili ujue kilichokuwa kinaombwa.

Mtoto wako, kama utapenda,
Irakoze


Mwanza
9 Agosti 1999

Nyandwi,

Nakuja Jumamosi tarehe 21. Siku hiyo Baraza la Chuo linakutana, na safari hii ni kweli. Litakutana bila mimi.

Mwambie Irakoze arudi nyuma ya pazia. Mwambie Verediana asibakize neno.

Mkeka nakuja nao.

Celestini


Nyantakara
Kumb. Na. 2
29 Agosti 1999

Kwa Bwana Shemboko, Mwanasheria wa Chuo,

Salaam. Hii ndiyo barua yangu ya pili yenye namba, ujue unavyoheshimiwa. Nakuandikia kwa sababu uliondoka kabla ya mwisho, na si haki mtu aishi bila kujua kesi yake ilikwendaje. Kwanza nikutoe wasiwasi: hapa bado unasifiwa. Kuna vijana wawili wanaojifunza usemaji ambao wanaamini ulifanya makusudi, nami sijawakatalia.

Rafiki yako alifika kwa miguu. Gari aliliacha madukani, ng'ombe akavutwa na wazee wa Nyamigogo nyuma yake, amenenepa kwa maua ya Chuo. Celestini amebeba mkeka begani kama mtu anayekwenda kulala msibani. Akautandika katikati ya uwanja, akavua viatu, akakaa. Watu waliokuja walikuwa wengi kuliko waliokuja kumsikiliza mwaka tisini. Wengine walipanda paa la jiko langu na sasa linavuja.

Hajafungua mdomo, Verediana akasimama. "Mheshimiwa, karibu. Leo mkalimani umekuja naye?"

Walicheka, Bwana Shemboko. Nilimwona Celestini anatazama alikoacha viatu. Nami msemaji wa binti, ambaye kazi yangu ni kumsumbua, nilijikuta namwombea. Akasubiri kicheko kiishe chote, mpaka cha yule bibi wa mwisho anayechelewaga. Akasema, "Mama, Kiswahili cha Bungeni nimekiacha garini na vioo nimefunga." Halafu akaanza kwa Kihangaza cha bibi yake, akasema ametembea jua lote, ana kiu, na amesikia nyumba hii kuna kisima ambacho maji yake yakinywewa na ukoo mmoja, ukoo huo haupotei njia ya kurudi kwao. Nikamwambia kisima kimekauka. Akasema atakaa mpaka mvua. Nikamwambia tumesikia mvua mwaka huu itanyesha Uganda tu. Akasema basi atakuwa na muda wa kupumzika.

Nikaona maneno madogo hayatoshi. Nikavaa ule uso wa msiba unaoujua. Nikamwambia binti tumemwoza kwa mfalme.

Uwanja wote ukanyamaza. Hata ng'ombe.

Celestini akatingisha kichwa. Akasema habari hizo amezipata, tena kwa mwanasheria wa kuaminika. "Nimesikia vilevile kwamba mfalme ana kikohozi," akasema. "Nitasubiri."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Nilikiona kinamwingia mwilini kama chai. Nikamwambia mfalme bado kijana, anapanda milima akikimbia. Akasema yeye ni mstaafu wa ubunge, hana haraka. Nikamwambia hatuna chakula cha wageni. Akasema alishakula. Nikamwambia huku usiku kuna fisi. Akasema amekaa na wabunge miaka kumi. Tuliendelea hivyo, nikimnyima, akikaa, rubisi ikishuka mtungini, mpaka vivuli vikawa virefu na mimi sauti inakwaruza. Namnyima mtu tangu asubuhi, na yeye anazidi kuonekana kama mtu aliyefika nyumbani.

Mwisho nikatumia jiwe langu kubwa. Nikamwambia, Celestini, wewe tunakujua, wewe ni mtu wa kuondoka.

Sikupaswa kulisema, maana halikuwa la mchezo. Wazee wa Nyamigogo wakainamisha vichwa. Frednand alikuwa ameshainamisha, akabaki hivyo. Celestini akasema polepole, kwa watu wote, "Niliondoka hapa kabla kura hazijahesabiwa. Mlikuwa mnanipima, na mimi nikadhani mmenikataa. Leo hesabuni mpaka asubuhi. Nipo."

Hakuna aliyecheka. Verediana akafuta macho akasema ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Mimi nilikuwa bado na majibu. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba mfalme amejenga ukuta, na kwamba ukuta una mbwa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya ukuta, ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, mahali ambapo tangu dunia iumbwe hapajawahi kutoka sauti siku ya kuombwa. Irakoze akasema:

"Baba, mfalme amekufa jana."

Bwana Shemboko, wewe ni mtu wa sheria, nitafutie jibu la hapo. Mimi sikupata. Nilibaki nimefungua mdomo, na upande wangu mwenyewe ndio ulionishangilia kwa kushindwa. Alitoka amevaa shanga zile zile. Alimpita Frednand bila kumtazama, akaenda kupiga magoti kwenye mkeka wa Celestini, akamwambia shikamoo Baba. Yule mtu wa Bunge na Chuo Kikuu, mwenye maneno ya kutuliza migomo, alijibu marahaba mara tatu na hakupata neno jingine.

Kambini jina lake ameshalifuta. Malori yataondoka Jumatano bila yeye. Frednand bado anatengeneza lile bomba, nadhani ni mazoea.

Harusi ni Jumamosi tarehe 25 Septemba, parokiani, halafu kwangu. Celestini atatoa hotuba, Verediana amekubali kuwa mkalimani wake. Na wewe unatakiwa. Rubisi ya kwako nimeitenga kando.

Ukifika mlangoni nitakuambia nafasi zimejaa. Usiondoke.

Baba wa bibi harusi,
Privatus Nyandwi